Theresia binti Kibwana na Chumvi ya Furaha

Baba Padre, wazee wa ukoo, jumbe Stambuli uliyepanda mlima tangu jana kwa ajili yetu, ndugu wa hapa Kinole na majirani wa Bigwa, familia imenituma mimi Paulo, mjomba wa marehemu, nisome mbele yenu maisha ya mtoto wetu kabla hatujamshusha kaburini, na marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba habari za ugonjwa wake zisifupishwe hata kidogo, zisomwe zote, na zisomwe kwa sauti ya kumfikia hata aliyesimama kule nyuma migombani, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Theresia alizaliwa hapa hapa Kinole, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kibwana, ambaye ametangulia, na wa dada yangu Mwaisha, ambaye mnamwona ameketi mbele yenu. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa na mtu, maana siku zile milimani kwetu hapakuwa na aliyeandika miaka, lakini mama yake anakumbuka kwamba masika ilikuwa imepamba moto, kijito kimekata njia, na mkunga alivushwa mgongoni, ndiyo maana mtoto akaitwa Mwamvua, na baadaye mapadre, kwa kukisia, waliandika kuwa ni mwaka 1884.

Mwaka 1896 alianza kusoma kwa mapadre, akafundishwa kusoma, kuandika, hesabu na ushonaji, na tarehe 10 Aprili 1898, siku ya Pasaka, akabatizwa kwa jina la Theresia. Wenzake wa darasa lile wanasema hakuwa na mwandiko mzuri hata kidogo, ila alikuwa na maswali, na siku moja alimuuliza padre dawa inayomezwa kwa mdomo inajuaje kwamba kidonda kiko mguuni, padre akacheka, akamwambia akae chini, naye akakaa, lakini kesho yake akauliza tena.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Juni 1902, alifunga ndoa takatifu na Severini, fundi seremala aliyejifunza kazi yake kwa mapadre hao hao, na kwa desturi yetu mume alihamia huku kwa mke, akajenga nyumba chini ya shamba la mama mkwe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Regina, aliyezaliwa hapa Kinole tarehe 3 Machi 1904, Agustino, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1905, mwaka wa vita, msituni juu ya kijiji tulikokuwa tumejificha, na Maria, aliyezaliwa Bigwa mwaka 1909, na ambaye hakuishi hata kumaliza wiki.

Nimetaja Bigwa kwa sababu mwaka 1907 Severini alikwenda kufanya kazi ya reli kule Ngerengere, na gari la moshi lilipofika Morogoro alipewa kazi ya useremala stesheni, hivyo mwezi wa Januari 1908 akaichukua familia yake wakahamia Bigwa, mahali ambapo mlima unaishia na mji unaanza. Huko Theresia alilima mboga, akapanda mchicha, maharage, vitunguu na mbegu za kabichi alizopewa na mapadre, na asubuhi alibeba tenga lake kichwani kwenda kuwauzia watu wa stesheni. Wanaomjua wanajua mwendo wake. Alikuwa akipanda kuja Kinole kumsalimu mama yake, na mizigo juu, huku akizungumza njia nzima, na vijana wa kiume waliofuatana naye walikuwa wakitafuta visingizio vya kusimama, mmoja afunge kamba, mwingine anywe maji.

Huko Bigwa ndiko alikokutana na Furaha binti Rehani, mjane, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akiuza chumvi na ng'onda, wale samaki waliokaushwa, walioletwa kwa gari la moshi kutoka pwani. Mtoto Maria alipofariki, Theresia alilala ndani hataki kuzungumza na mtu, na Furaha, ambaye walikuwa hawajazoeana sana, aliingia, akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kuchambua maharage ya mwenye nyumba bila kusema neno, kesho yake akafanya vivyo hivyo, na siku ya tatu Theresia akaamka akakaa naye. Tangu hapo, mmoja akipika, sahani mbili zinatoka, na dini zao mbili hazikuwahi kugombana katika sahani hizo.

Sasa naingia katika ugonjwa.

Ulianza kwa kikohozi wakati wa masika ya mwaka 1910, kifua kikamsumbua kwa miezi kadhaa, mara moja akatema damu, kisha kikapoa chenyewe, nasi tukashukuru tukidhani yamekwisha. Mwaka 1911, karibu na mavuno, alianza kuchoka, na uchovu ule haukuwa wa kazi, maana alikuwa akiamka nao asubuhi kama mtu aliyelala na mzigo kichwani, akiinuka ghafla macho yanaingia giza, inambidi ashike nguzo mpaka dunia itulie. Akakonda, tumbo likawa linamkataa, chakula kikamtoka moyoni, isipokuwa kile chenye chumvi. Mwanzoni aliongeza chumvi kwenye mboga mpaka watoto wakashindwa kula, baadaye akawa anailamba kiganjani, na mwishowe akawa anakunywa hata maji walimolowekwa ng'onda, na kila alipoishiwa alimwendea Furaha, naye Furaha alimpimia, mara nyingi bila kupokea kitu.

Kisha rangi yake ikageuka. Theresia alikuwa na rangi ya maji ya kunde, aliyoirithi kwa mama yake, lakini sasa uso wake ulipiga weusi usiong'aa, kana kwamba moshi umemkalia, mistari ya viganja vyake ikawa kama imechorwa kwa mkaa, na kovu la jembe alilolipata mguuni mwaka huo huo likawa jeusi kuliko makovu yake yote ya zamani. Mtu anayekonda tunamjua, na mtu anayekohoa tunamjua, lakini mtu anayebadilika rangi mbele ya macho yenu, huku akilia chumvi kama mtoto anavyolia ziwa, hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona, na palipokosekana jina la ugonjwa, watu wakatafuta jina la mtu.

Jina walilolipata ni la Furaha. Aliyelisema kwanza ni Rosa, dada wa Severini, na Rosa yupo hapa, ameniomba mwenyewe nisilifiche jina lake, nami nasema mbele yenu kwamba hakusema kwa chuki, bali kwa kumpenda wifi yake na kuogopa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Alisema mtu akikosa usingizi kwa ajili ya kitu anachokipata kwa mtu mmoja tu, basi kitu hicho kimetiwa mkono, na akauliza ni nani aliyemwona Theresia mgonjwa kabla hajazoeana na mwanamke yule. Watu wa Bigwa wakaanza kununua chumvi mjini, wengine wakamwaga waliyokuwa nayo, na Furaha akawa anakaa gengeni pake tangu asubuhi mpaka jua linapozama bila mtu kumfikia, ila Theresia peke yake, aliyekuja akiburuta miguu.

Severini ni mtu mpole, na alilipinga jambo hilo kwa muda mrefu, lakini mke wake alikuwa akiyeyuka mikononi mwake, na mwezi wa Agosti 1912 alikubali, akapiga marufuku chumvi nyumbani kwake, akakifunga kifuko cha chumvi kilichobaki ndani ya kitambaa ili kiwe ushahidi mbele ya jumbe. Theresia alimsihi. Alimwambia mume wake kwamba hajui chumvi ile ina nini, ila anajua kwamba asipoipata anajisikia kama kisima kinachokauka, na Severini alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwa sababu hakuweza kumsikiliza mpaka mwisho.

Hazikupita wiki mbili akaanguka. Alitapika mpaka hakuna cha kutapika, mikono na miguu ikapoa, sauti ikawa ndogo hata mtu alipaswa kuinama ili amsikie, na Rosa, aliyekuwa akimuuguza, alikuwa wa kwanza kusema apelekwe kwa daktari. Jumatatu, tarehe 2 Septemba 1912, alibebwa kwa machela mpaka hospitali ya mjini Morogoro, kwa yule daktari wa Kidachi, aliyetoka Ujerumani, ambaye sote tulimwita Bwana Mapigo, kwa kuwa kabla ya kukuuliza jina alikuwa amekwisha kukushika kifundo cha mkono na kufumba macho.

Theresia alitaka kazi ya daktari huyu ielezwe hatua kwa hatua, akisema kwamba watu wakiambiwa tu daktari kasema, hawaamini, na wana haki, bali waambiwe alichokitazama. Basi nasema. Kwanza alimchoma kidole akaitazama damu kwa hadubini, akitafuta homa, hakuiona. Akatazama choo, akitafuta minyoo ya safura, maana safura humchosha mtu na kumtamanisha vitu vya ajabu, akaikuta michache tu, akasema hii haiwezi kumlaza mtu namna hii. Mkojo aliuchemsha juu ya taa ya spiriti, akaona kwamba figo zinachuja vizuri. Akamsikiliza kifua, akasikia pale juu upande wa kulia alama za kile kikohozi cha zamani. Kisha akamzungushia mkononi mfuko wa mpira, akaupuliza, akitazama zebaki inavyopanda katika bomba la kioo, na zebaki ikapanda kidogo tu, akarudia mkono wa pili, akarudia tena kesho yake, na kila mara alitikisa kichwa, kwa sababu damu ya mtu mzima, alisema, husukuma kwa nguvu zaidi hata akiwa amelala usingizi.

Hapo akaanza kushuku ugonjwa mmoja, lakini akasita, na aliwaeleza Severini na mama Mwaisha kwa nini anasita. Alisema ugonjwa anaoufikiria hugeuza ngozi kuwa nyeusi, ila vitabu vyake vimeandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, na yeye hajui ngozi hii ilikuwaje kabla, basi anawaomba wao wamfundishe. Ndipo mama Mwaisha akasogea, akaweka kiganja chake kando ya kiganja cha mwanawe, viganja ambavyo tangu zamani watu walisema ni vya mtu mmoja, na daktari akavitazama kwa muda mrefu. Mama akamwonyesha kovu jipya na makovu ya zamani. Akamfunua mdomo, akamwambia kwamba madoa haya katika ufizi na ndani ya shavu hayakuwepo, anajua kwa sababu ndiye aliyemwotesha meno. Mwisho daktari akachukua kipini cha kijiko, akapitisha tumboni kwa Theresia mstari mmoja taratibu, bila kumkwaruza, akakaa akingoja, na baada ya muda ule mstari ukajitokeza, umefifia kuliko ngozi iliyouzunguka, ukakaa kwa muda mrefu kabla ya kupotea. Alisema alama hiyo peke yake asingeiamini, lakini imekuja pamoja na nyingine zote.

Kilikuwa kimebaki kile kifuko cha chumvi. Severini alikuwa amekibeba, akakiweka mezani kwa daktari, akamweleza yote, habari za Furaha, habari za jumbe, na daktari hakucheka. Alichukua chumvi kidogo, akaiyeyusha, akaichuja, akaitazama, nyingine akaiunguza juu ya moto na kunusa moshi wake, kisha akaagiza yai lake la asubuhi, akalinyunyizia chumvi ile ile, akalila mbele ya Severini mpaka likaisha. Alipomaliza alisema maneno ambayo Severini ameyarudia kwetu mara nyingi, nami nayasema kama alivyoyasema.

"Huyu mama hakulishwa kitu. Kuna kitu ambacho mwili wake hautengenezi tena."

Akawaeleza kwamba juu ya kila figo kimekaa kitezi kidogo, kama kofia, na kwamba vitezi hivyo viwili hutengeneza dawa ambayo mwili hujitilia wenyewe ndani ya damu, dawa ya nguvu, ambayo bado hakuna mtu duniani anayeijua yote, na kwamba kile kifua kilipodhaniwa kimepona, ugonjwa wake ulihamia huko, ukaanza kuvila vitezi polepole. Severini aliuliza chumvi inaingiaje hapo. Daktari alijibu kwamba hajalisoma jambo hilo mahali popote, hajui, lakini mwili unaoomba kitu kwa namna ile haubishaniwi, na akaamuru Theresia apewe uji wa chumvi, na mchuzi wa chumvi, kadiri anavyotaka. Kabla ya wiki kuisha aliketi mwenyewe kitandani, akauliza habari za watoto, kisha akauliza habari za Furaha.

Hapo ndipo mama yake alipolazimika kumwambia. Siku zile zote Furaha alikuwa amezuiliwa uani kwa jumbe, bidhaa zake zimetawanywa, na baadhi ya wazee walikuwa wakisema anyweshwe mwavi, kile kiapo cha sumu, jambo ambalo serikali imelikataza, lakini sote tuliokaa hapa tunajua linavyoweza kufanyika mbali na boma. Jumbe Stambuli, na kwa hili familia inamshukuru mbele ya watu, alikuwa amekataa kuharakisha, akasema kesi itasikilizwa hadharani, siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba. Severini alitaka kwenda kutoa ushahidi wa daktari. Theresia alimwambia kwamba ushahidi wa mtu aliyeifunga chumvi ndani ya kitambaa hautatosha, itabidi aende mwenyewe. Daktari alikataa, akasema akisimama kwa muda anaweza kufa, naye akamjibu kwamba hatasimama, atabebwa, na daktari, baada ya kumshika mkono na kufumba macho kama desturi yake, akamruhusu.

Wengi wenu mlikuwepo Bigwa siku ile, mlimwona akishushwa na machela katikati ya baraza, amefunikwa shuka, na mlimwona Furaha ameketi upande wa pili, macho chini, nguo zake zimechakaa. Severini alieleza aliyoyaona na yale aliyoambiwa, watu wakanong'ona, mmoja akauliza ni nani ajuaye Mdachi anachokula na mayai yake. Theresia akaomba ainuliwe akae. Akaomba kile kifuko kifunguliwe, kipelekwe kwa Furaha, kisipewe mtu mwingine.

"Kama hii ni sumu," alisema, "basi ndiyo iliyonilea mwaka mzima, na nilipoikosa ndipo nilipokufa. Furaha, nipe."

Furaha hakuinuka mara moja. Alilia kwanza, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaja, akapiga magoti, akatia chumvi kiganjani mwake, akakipeleka mdomoni kwa mwenzake, na Theresia akala kutoka katika kiganja kile, taratibu, mbele ya baraza zima, mpaka kikawa kitupu, halafu akabaki ameketi, akizungumza na kila aliyemsogelea, wakati jua linapanda na watu wanangoja aanguke, na hakuanguka. Jumbe akasema hana kesi ya kuamua. Rosa ndiye aliyekwenda kukusanya bidhaa za Furaha nyumba kwa nyumba, na alipokosa kitu alikilipa kwa kitu chake.

Tusije tukadhani kwamba kujulikana kwa ugonjwa kulikuwa kuponywa. Daktari aliwaambia wazi kwamba ugonjwa huu una jina, jina la mganga Mwingereza aliyeutambua zamani, lakini hauna dawa. Aliagiza Ulaya vidonge vilivyotengenezwa kwa vitezi vya kondoo vilivyokaushwa, vikafika mwezi wa Desemba, Theresia akavimeza kwa uaminifu, vikamchafua tumbo, na nguvu havikumpa, na daktari aliviondoa mwenyewe, akasema amejaribu na ameshindwa. Theresia alimpa pole. Miezi ile aliyobaki aliishi nyumbani Bigwa, mchana aliketi kibarazani akifunga mafungu ya mboga ambazo Regina alizilima, akimfundisha mwanawe huyo bei na maneno ya kusema na wateja, na Furaha alikuja na chumvi kila baada ya siku chache, wakakaa pamoja bila haraka, wakazungumza. Wakati mmoja alimwambia mama yake kwamba alipokuwa hajui anaumwa nini aliogopa kila kitu, hata kivuli cha mtu mlangoni, na kwamba sasa anajua kitakachomuua, na ajabu ni kwamba usingizi umerudi.

Mwezi wa Mei mwaka huu daktari alimwendea na ombi ambalo alilitanguliza kwa kuomba radhi. Alisema yote aliyoyasema kuhusu vitezi ameyasema kwa kukisia kutoka nje, kama mtu anayegonga ukuta kujua nyumba ina nini, na kwamba siku Mungu atakapomchukua, angependa kuruhusiwa kufungua na kutazama, ili ajue kama alikuwa sahihi, na mgonjwa mwingine atakayekuja ajulikane mapema. Familia ilishtuka. Mama Mwaisha alikataa kabisa, akasema mtoto aliyemzaa mzima atamzika mzima, na mimi mjomba, ambaye kwa mila neno langu lilingojwa, niliomba siku za kufikiri. Theresia alituita sote, na Furaha pia.

"Mama," alisema, "nikizikwa mzima, watasema tena ni chumvi. Mwache atazame, halafu mjomba awasomee watu."

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 1913, alfajiri, hospitalini Morogoro, baada ya homa iliyomshika siku chache kabla, homa ambayo mtu mwingine angeitoka, lakini yeye hakuwa na cha kupigania. Mume wake alikuwa amemshika mkono mmoja, na mama yake mkono wa pili.

Mama Mwaisha ndiye aliyemwita daktari, ndiye aliyesema afanye, akakaa nje ya mlango mpaka kazi ilipokwisha. Daktari alitoka, akatuita mimi na Severini na mama, akatueleza kwamba figo zilikuwa nzima, ini zima, tumbo halina alama ya sumu yoyote, na kwamba vitezi vyote viwili, vya kulia na kushoto, vimekwisha, vimegeuka vitu vigumu kama chokaa, na katika kimoja haikubaki hata sehemu ya ukubwa wa ukucha iliyokuwa nzima. Alisema mtu mwenye vitezi vile hakupaswa kuwa hai tangu mwaka jana, na hajui aliishije, kisha akatazama chini akasema labda anajua. Mama akauliza kama amemshona vizuri. Akasema amemshona kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu zangu, jana sanduku hili lilipokuwa likipanda, yamesikika maneno njiani, hapa na pale, ya kuuliza yule mwanamke wa chumvi anafuata nini mlimani. Jibu ndilo hili nililolisoma. Waliouosha mwili wa mtoto wetu ni wawili, mama yake na Furaha binti Rehani, na mama alipofika kwenye ule mshono akasogea kando, Furaha ndiye aliyeosha pale, akapafunika kwa kitambaa cheupe alichokuja nacho. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, mimi mjomba wake, wifi, na huyu dada yake wa Bigwa, ambaye atatia udongo pamoja na ndugu, na asiyeweza kusimama naye kaburini anaweza kurudi nyumbani sasa, hatutamlaumu.

Familia inamshukuru daktari kwa uvumilivu wake, na kwa kusema hajui pale alipokuwa hajui, inawashukuru wahudumu wa hospitali, mapadre waliomletea sakramenti, jumbe Stambuli, mafundi wenzake Severini wa stesheni waliotengeneza sanduku hili na kulibeba zamu kwa zamu mpaka huku juu, wanawake wa sokoni waliomwuzia mboga zake alipokuwa haendi tena, majirani wa Bigwa, wale waliokuwa naye tangu mwanzo na wale waliorudi baadaye, na ninyi nyote mliopanda.

Mwamvua wa mama yako, Theresia wetu, habari zako zimesomwa zote kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani.